Koyoti Mlangoni kwa Bi Lorraine

Kama unatafuta mtaa unaojua kupiga kelele kati ya vitongoji vyote vinavyoizunguka Chicago, usihangaike, ni Mtaa wa Tamarack. Si kwamba watu wake ni walevi au wagomvi. Wengi wao ni watu wazima wenye magoti mabovu, wanaokata nyasi zao kila Jumamosi na kununiana kwa adabu kuhusu nani hajaingiza pipa lake la taka. Lakini tangu vuli iliyopita kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na sufuria imetundikwa kando ya mlango wa mbele, na mwiko wa chuma ukining'inia pembeni, na aliyewafikisha hapo alikuwa Duane Hruska.

Duane alikuwa na haki ya hasira zake, tusimwonee. Mkewe Cherise alikuwa na kijibwa cheupe, kidogo kiasi cha kuingia kwenye mkoba, jina lake Bijou, na koyoti alikidaka mchana kweupe kwenye bustani yao ya nyuma, Duane mwenyewe akiwa amesimama pale anageuza soseji. Koyoti ni ndugu wa mbweha, ila huyu amejaliwa miguu mirefu na uso wa mtu asiyedaiwa. Duane akamrushia koleo la moto, koyoti akaachia, Bijou akashonwa nyuzi na kupona. Tangu siku hiyo Duane hakuwa na mazungumzo mengine. Alisoma, akauliza, akaleta sheria mtaani: ukimwona koyoti usikimbie, maana ukikimbia umemkabidhi mtaa. Jifanye mkubwa, pandisha mikono, piga vishindo, paza sauti, gonga sufuria mpaka ajute kuzaliwa. Yeye alijinunulia honi ya gesi, ile ya kwenye boti, akawa anatembea nayo kiunoni hata akienda kuchukua barua.

Na watu wakaipenda sheria ile, wakaipenda kupita kiasi. Fikiria umeishi maisha yako yote ukiambiwa usipige kelele majirani wasikie, halafu anakuja mtu anakwambia kupiga kelele ndio ujirani mwema. Aliyeipenda kuliko wote alikuwa Lorraine Kosmala, mjane aliyestaafu upishi wa shule, aliyeishi na mdogo wake Irene katika nyumba ya mwisho, ile inayopakana na reli. Sufuria yake ilikuwa ya kuchemshia kabichi ya watoto mia tatu, na alipoigonga, nyumba ya pili vikombe vilitetemeka kabatini.

"Debe tupu haliachi kuvuma," Irene humwambia kila anapoitundika tena mlangoni.

"Sufuria, siyo debe," Lorraine humjibu. "Na wewe ndiye mtupu."

Sasa sikia kilichotokea. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, asubuhi ya siku ya taka, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka kalavati lililo chini ya reli likafurika. Lorraine alikuwa anasukuma pipa lake kwenda barabarani, amevaa koti la mvua juu ya gauni la kulalia, aliposikia kitu kinalia chini ya vichaka vya ua wake. Akainama, goti likamlaani. Chini ya majani alikuwamo mtoto wa mbwa, ameloa chapachapa, rangi ya udongo, pua butu, macho yana ukungu wa buluu, anatetemeka mwili mzima. Alikuwa peke yake. Lorraine akamwokota na kumtia ndani ya koti lake, na yule mtoto akachomeka pua kwapani mwake akanyamaza.

"Irene! Irene wee! Njoo uone, kuna shetani ametupa mtoto wa mbwa kwenye mvua!"

Irene alitoka na kikombe cha kahawa, akamtazama yule mnyama kwa muda. "Dada, huyo mbwa ana pua ya mwizi."

"Pua ya mwizi inafananaje?"

"Kama hiyo."

"Wewe tangu utoto hupendi mtu."

"Haya, mpige picha umweke kwenye kundi la mtaa, mwenyewe ajitokeze."

Hapo ndipo Lorraine alipokosea. Mtaa wa Tamarack ulikuwa na kundi kwenye simu ambalo kila kilichookotwa kilitangazwa humo: glovu moja, paka, kifurushi kilichokosea nyumba, hata sinia lililosahaulika kwenye sherehe. Hiyo ndiyo desturi, na aliyeivunja alisemwa. Lorraine alikuwa hajawahi kuivunja. Lakini mbwa wake mzee alikuwa amekufa wakati wa Krismasi, na nyumba ilikuwa imepoa tangu hapo, na kile kitu kwapani mwake kilikuwa kimeanza kukoroma. "Aliyemtupa hana haki ya kuulizwa," alisema, akaingia ndani na kufunga mlango. Laiti angeiweka ile picha, Duane angemtambua mnyama yule kwa kutupa jicho moja tu.

Akamwogesha kwa sabuni yake ya lavenda. Akamlisha maziwa ya chupa, halafu, alipoona mtoto ana meno, akampondea pierogi za viazi, yale maandazi ya kuchemsha ya kwa bibi yake, zilizobaki, na mtoto akazifakamia na kutafuta nyingine. Masikio yake yalikuwa yameanza kukua kuliko kichwa, yamelegea kama majani ya kabichi, basi Lorraine akamwita Kapusta, ambalo ndilo jina la kabichi kwa lugha ya bibi yake. Kapusta akatandikiwa gereji, ndani ya kapu la nguo, juu ya sweta la marehemu mumewe. Siku ile nzima Lorraine alikuwa anatafuta visingizio vya kwenda gereji. Alikuwa na furaha, na hakuna haja ya kulizungusha jambo hilo.

Jioni, jua likiwa bado juu ya paa, simu zote za mtaa zikalia kwa pamoja. Duane alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KOYOTI! KWA BI LORRAINE! TOKENI!

Wakatoka, tena kwa kishindo. Milango ilifunguka pande zote mbili za barabara, watu wana ndala, wana leso za chakula bado shingoni, sufuria mkononi. Kati ya nyasi za Lorraine alikuwa amesimama koyoti mmoja, amekonda, ameinua mguu mmoja wa mbele kama anayesikiliza. Duane akabonyeza honi. Sufuria zikaitikia. Lorraine naye akatoka mbio barazani, akaichukua ile ya kabichi, akaigonga kwa nguvu zake zote, anapiga kelele, "Toka! Toka hapa! Nenda kwenu!" mpaka sauti ikakwaruza. Koyoti akarudi nyuma, akapanda tuta la reli, akasimama. Kelele zilipopungua akashuka tena. Wakampigia tena. Akapanda, akashuka. Ilichukua karibu saa nzima kumwondoa, na alipoondoka watu hawakutaka kwenda kulala. Walisimama barabarani wakicheka na kupigana mabega, kila mmoja akisimulia alivyogonga yeye, na mtu akaleta bia.

"Umeona alivyokutazama, Bi Lorraine?" Duane alikuwa anahema. "Yule amekuchagua wewe. Lakini usiogope, mama. Sisi tupo."

"Siogopi mimi," Lorraine alisema, na kweli hakuogopa. Aliingia ndani mashavu yamemwiva, akaenda kumsimulia Kapusta.

Kesho yake koyoti alirudi, mapema zaidi. Safari hii Lorraine alikuwa gereji, anamnywesha Kapusta chupa, kelele zilipoanza nje. Akainuka achungulie kwenye kidirisha cha mlango wa gereji. Yule koyoti alikuwa karibu, karibu kuliko siku iliyopita, upande wa pili wa kioo tu, na sufuria zote za Tamarack zinanguruma mgongoni mwake. Hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa anatazama mlango. Lorraine akaona mbavu zake, akaona tope lililokauka miguuni, halafu akaona chini ya tumbo lake chuchu zilizovimba, zimening'inia, zina maziwa.

Nyuma yake, ndani ya kapu, Kapusta akalia sauti moja nyembamba. Masikio ya yule wa nje yakasimama.

Lorraine akamgeukia mtoto. Akamtazama pua. Akamtazama masikio. Akageuka akamtazama mama.

"Yesu na Maria," alinong'ona. "Irene! Irene, njoo! Ni mtoto wake! Nimeiba mtoto wa watu!"

Irene alikuja, akatazama dirishani, akatazama kapuni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema, "Si nilikuambia?" Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi yule alikuwa anapigiwa sufuria na watu thelathini na bado hajaondoka. Lorraine alikumbuka jana yake alivyomgongea, kwa raha ile.

Nje honi ilinyamaza na mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa Duane, jasho linamtoka, uso unang'aa. "Amekwenda. Lakini, Bi Lorraine, nisikilize. Huyu si wa kawaida. Huyu kelele hazimwingii tena, na koyoti asiyeogopa watu ndiye anayeua mbwa. Nimempigia mtegaji. Kibali kipo. Kesho kutwa alfajiri anaweka mtego hapa hapa kwenye nyasi zako, na akishaingia, habari yake imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

Duane akapitisha kidole shingoni, kwa upole, kama daktari anayetoa habari. Akamwambia alale salama.

Asubuhi Lorraine alipiga simu ofisi ya wanyamapori ya kaunti, Irene amebandika sikio upande wa pili. Aliyepokea alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusikia kila aina ya upumbavu.

"Huyo si mbwa, mama yangu."

"Najua. Ndiyo maana nakupigia."

"Mmemlisha nini?"

"Maziwa. Na... pierogi."

"Pierogi?"

"Za viazi. Alizipenda."

"Sawa. Sikiliza vizuri. Mvua zikijaza makalavati, mama huhamisha watoto mmoja mmoja kwa mdomo. Huyo hakutupwa na mtu. Alikuwa safarini, wewe umemdaka njiani. Mrudishe leo, pale pale ulipomwokota, jioni kabla ya giza. Mtaa uwe kimya kabisa. Kaa mbali. Harufu ya mtu haimsumbui, atamchukua. Ila huyo mtoto asikufuate. Akikukimbilia wewe, mama hawezi kumfikia. Na akishajua kukimbilia watu, huyo amekwisha."

"Na nikiwaletea ninyi?"

"Ukituletea, sheria hainiruhusu kumwachia tena huko nje. Ni kizimba maisha yake yote, au ni sindano. Na mara nyingi, mama, si kizimba."

Lorraine aliweka simu chini. Ilikuwa leo jioni, basi. Kesho alfajiri palikuwa na mtego, na mtego ungemnasa mama aliyekuja kumtafuta mtoto ambaye Lorraine alimfungia gereji.

Kwanza alijaribu njia ya mkato, kama ambavyo wewe na mimi tungejaribu. Alikwenda kwa Duane na sahani ya keki ya jibini. "Duane baba, leo kichwa kinaniuma. Hivi hatuwezi kupumzisha kelele jioni moja tu?"

"Kichwa?" Duane alimshika mkono. "Hiyo ni hofu, Bi Lorraine, nakuelewa. Usijali, leo nimewaita na wa Mtaa wa Birch. Watakuja na ngoma."

"Ngoma?"

"Ngoma za bendi ya shule!" alisema Duane, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa.

Mficha uchi hazai. Jua lilipoanza kuegemea, Mtaa wa Tamarack ulikuwa tayari umejaa. Watu walikuwa wametoa viti vyao vya kukunja na kuvipanga mbele ya magereji, makasha ya barafu yamejaa bia, soseji zinachomwa, na wa Birch wameshafika na ngoma zao mbili. Ilikuwa kama sherehe ya uhuru imekuja mapema. Lorraine alitoka nyumbani kwake, amevaa gauni lake la kanisani, mikono mitupu, akaenda akasimama katikati ya barabara.

"Jamani," alisema. Hakuna aliyesikia. "JAMANI!" Alikuwa amewahi kunyamazisha ukumbi wa watoto mia tatu wenye njaa, na sauti ile haijampotea. Barabara ikageuka kumtazama.

"Yule koyoti hana wazimu," alisema. "Na hakunichagua mimi. Mtoto wake yuko gereji kwangu. Nilimwokota siku ya taka nikadhani ni mbwa. Sikumtangaza kwa sababu nilimtaka. Siku zote hizi ninyi mmekuwa mkimfukuza mama wa watu kwa ajili ya ujinga wangu, na mimi nimegonga pamoja nanyi."

Kijana mmoja wa Birch akaangua kicheko. "Mbwa! Alidhani ni mbwa!" Kicheko kikasambaa kiti hadi kiti. "Bi Lorraine, umemfundisha kukaa?" "Mlete na dubu, tumsajili!" Lorraine alisimama akayapokea yote. Masikio yalimwaka moto, lakini hakutikisika.

Duane hakucheka. Alikuja mpaka mbele yake, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Unajua nyuzi ngapi zilimwingia Bijou?"

"Najua."

"Mimi nimesimama nje na honi siku zote hizi, nikidhani nakulinda. Mke wangu hathubutu kwenda bustanini. Na wewe unafuga."

"Umesema kweli, Duane. Nitukane baadaye, hata mwaka mzima, nitakuja kwako kila Jumapili unitukane. Lakini leo nipe ukimya. Jioni moja. Akimchukua mtoto wake hatakuwa na sababu ya kurudi hapa. Asipomchukua, kesho mtego wako utaua wawili."

Duane alifungua mdomo, na hapo ndipo Irene, bila kuulizwa, alipotoka gereji na kapu. Kapusta alikuwa amesimama ndani, miguu ya mbele juu ya ukingo, masikio yote mawili yamelala upande mmoja, anautazama mtaa uliokuwa ukipigana na mama yake. Akapiga mwayo. Ulimi ulikuwa mdogo na wa waridi.

"Eeh, Mungu wangu," alisema Cherise, mke wa Duane, aliyekuwa amemkumbatia Bijou kifuani. Akaja akachungulia. Bijou akanusa, akapiga chafya. "Duane. Huyu ana harufu ya lavenda."

"Nilimwogesha," alisema Lorraine.

"Amemwogesha," Cherise alirudia, midomo ikimtetemeka. Akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika bega la mumewe. "Duane, wewe ulisema hawa ni majeshi. Weka honi chini, bwana. Mtoto anataka kwenda kwa mama yake."

Duane alimtazama Kapusta kwa muda mrefu, kidole bado kwenye honi. Mtu anayempenda mbwa ana udhaifu mmoja, na hawezi kuuficha. Aliyainua macho akatazama jua. "Limebaki kidogo," alisema, kisha akageukia barabara nzima. "Haya! Mmesikia! Nani bado ana mitambo ya kumwagilia imewashwa? Zima! Mbwa wote ndani, madirisha yafungwe! Soseji, ondoa! Birch, zile ngoma nisizione!"

Ilikuwa raha kumtazama. Ari ile ile aliyoitumia kuwafundisha kelele aliimwaga sasa kwenye ukimya. Alikimbia nyumba hadi nyumba, akinyamazisha redio, akibana milango ya mapipa. Akamnyang'anya mzee mmoja pakiti ya chipsi kwa sababu inachakarisha. Watu walikuwa wanazuia vicheko, wananyata kwa ndala mkononi, macho yanawang'aa. Muda si mrefu Mtaa wa Tamarack ulikuwa umejaa watu nyuma ya mapazia na magari, na hapakuwa na sauti hata moja.

Lorraine alimbeba Kapusta mpaka kwenye vichaka vya ua wake. Hakumbusu, maana alijua akimbusu hataondoka. Akamweka chini ya majani, akarudi nyuma mpaka kwenye ngazi za baraza, akakaa. Duane alijibanza nyuma ya gari lake, jirani kabisa, honi imemganda mkononi.

Treni ya abiria ilipita. Ikaondoka na kelele zake, na ilipoondoka, koyoti alikuwa amesimama juu ya tuta.

Alishuka polepole, tumbo chini. Ukimya ulimtisha kuliko sufuria. Alisimama, akasogea, akasimama tena, anatazama huku na huku kwa mashaka. Lorraine aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mama alifika kwenye nyasi. Kapusta akajitokeza kichakani, na wakatazamana. Mama akamkaribia, akaingiza pua shingoni mwake, na papo hapo akapiga chafya. Akapiga ya pili. Nyuma ya mapazia mtu alipumua kwa kicheko akazibwa mdomo. Mama akarudi nyuma hatua mbili, anatikisa kichwa, hajui anusie wapi, na Kapusta, aliyetishwa na zile chafya, akageuka.

Akamwona Lorraine barazani. Akaja mbio.

Alikuja kwa miguu yake yote minne inayogongana, masikio yanapepea, moja kwa moja mpaka kwenye viatu vyake vya kanisani, akaanza kupanda pindo la gauni. Akalia ile sauti yake ya kuomba chupa. Mama alibaki kule uani, amesimama wima, hasogei. Halafu akageuza kichwa kutazama reli.

"Bi Lorraine," Duane alinong'ona kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia. "Bi Lorraine, fanya kitu."

Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja. Lorraine alisimama. Alimng'oa Kapusta kwenye gauni na kumweka kwenye nyasi, akapandisha mikono yake yote miwili juu ya kichwa, akawa mkubwa. Akapiga kishindo cha mguu karibu kabisa na pua yake.

"Toka!" alifoka. "Toka hapa! Mimi si mama yako! Toka!"

Kapusta alikaa matako. Alidhani ni mchezo. Akamwinulia mkono mmoja.

"TOKA!" Sauti ile ya ukumbi wa shule ilipasuka juu ya nyasi. Alipiga vishindo kushoto na kulia, mikono ikipepea, nywele zimefumuka, akimwendea moja kwa moja kwa uso ambao hata Irene hakuwahi kuuona. Kapusta akajikunyata. Masikio yakalala. Mkia ukaingia katikati ya miguu, na akapiga yowe la hofu.

Na yowe lile ndilo lililomleta mama. Hakuja kwa kunyata. Alikuja kama kitu kilichofyatuliwa, meno nje, manyoya ya mgongo yamesimama, akaingia katikati yao, karibu kiasi kwamba Lorraine alisikia joto la pumzi yake magotini. Duane aliinuka nyuma ya gari, honi juu, kidole tayari. Hakubonyeza. Mama alimngurumia Lorraine uso kwa uso, na Lorraine akabaki pale pale na mikono juu, machozi yanashuka, anasema kwa sauti ndogo, "Mchukue. Mchukue, mama. Mchukue."

Koyoti akainama. Akamkamata mwanawe kwa ngozi ya shingo, lavenda na yote, akageuka. Akavuka nyasi, akavuka ua, akapanda tuta, yule mtoto akining'inia amelegea mdomoni mwake. Juu ya reli hakusimama hata kidogo. Waliingia kwenye majani marefu ya upande wa pili na hawakuonekana tena.

Halafu Duane Hruska akaitupa honi yake kwenye nyasi akarusha mikono hewani, na Mtaa wa Tamarack ukalipuka. Watu walimwagika barabarani, wanapiga mbinja, wanakumbatiana, wa Birch wanaruka, Cherise anambusu Bijou kichwani. Duane alikuwa tayari ana simu sikioni, anapiga kelele ili asikike, "Mtegaji? Usije! Nasema usije! Amekwenda na mtoto wake!"

Irene alimkuta dada yake bado amesimama mahali pale, mikono ndiyo kwanza inashuka. Akamshika kiuno, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mazishi ya shemeji yake.

"Dada," alisema, "mtoto amejikunyata kweli. Umeona alivyopiga yowe?"

"Nimeona." Lorraine alikuwa anacheka na kulia, hajui ashike lipi. "Ameniogopa, Irene. Mtoto wangu ameniogopa."